Mbweha Hakulalamika

Katika miaka yangu ya kufundisha Kiingereza na Kiswahili nilijifunza kuziogopa semi fupi kuliko sarufi ngumu. Sarufi ikimshinda mwanafunzi, yeye mwenyewe hujua kwamba imemshinda, naye huuliza. Lakini msemo wa maneno mawili humdanganya. Huona kwamba maneno yote mawili anayajua, basi huvuka bila kupima kina. Mmojawapo wa misemo hiyo ni ule ambao Waingereza huusema juu ya mtu aliyekosa alichokitaka: "sour grapes". Neno la kwanza ni ukali au uchachu, la pili ni zabibu. Ukiwapa kidato cha pili waufasiri, nusu yao watakuandikia "zabibu chachu" na kuendelea na sentensi inayofuata bila wasiwasi wowote, kana kwamba mwandishi alikuwa akizungumzia bei za matunda sokoni.

Hata hivyo, si makosa ya wanafunzi yaliyonifanya niandike kurasa hizi. Ugomvi wangu ni na watu wanaoujua msemo huu, tena wanaokijua Kiingereza vizuri kuniliko mimi. Naona kwamba matumizi yao ya leo yamemwacha mtu ambaye msemo ulitungwa kwa ajili yake, yakamkamata mtu mwingine kabisa. Na jambo hili si la wapenda kamusi peke yao, kwa sababu huyo anayekamatwa mara nyingi ni mtu anayedai haki yake.

Msemo umetoka katika hadithi ya Kigiriki ya mbweha na zabibu, moja ya zile zinazohesabiwa kuwa za Esopo. Katika orodha ya hadithi hizo iliyopangwa na mtaalamu wa Marekani, Ben Edwin Perry, hii ni ya 15. Ni fupi mno; maelezo yangu hapa yatakuwa marefu kuliko yenyewe. Mbweha mwenye njaa aliona vichala vya zabibu vikining'inia kwenye mzabibu uliokuwa umeparamia mti, akataka kuvichuma, hakuweza. Akaondoka zake huku akijiambia kwamba ni mbichi. Basi, hadithi imekwisha.

Ningependa msomaji aangalie mambo mawili katika simulizi hiyo ya Kigiriki, kwa sababu yote mawili yamepotea njiani. La kwanza ni kwamba mbweha alijiambia mwenyewe. Hakukuwa na kunguru kwenye tawi wala mpita njia wa kumsikia. Hakuwa akimdanganya mtu, ila nafsi yake. La pili ni neno lenyewe alilolitumia. Wagiriki wanalo neno maalumu la zabibu ambayo haijaiva, na ndilo lililowekwa kinywani mwa mbweha. Hakusema kwamba zabibu zile ni mbaya kwa asili. Alisema wakati wake haujafika.

Kiingereza kilipochagua neno la ukali badala ya neno la ubichi, kilifuta wakati. Nimewahi kuishi Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kila mtoto wa kule anajua kwamba kichala kinachokunja uso wako leo ndicho hicho hicho utakachokigombania baada ya wiki kadhaa. (Mizabibu ya Dodoma, niseme kwa kupita, ni mifupi, mbweha wa Esopo asingehitaji hata kuruka. Ya Wagiriki ilipandishwa mitini, na bila kulijua hilo hadithi haieleweki.) Tunda bichi lina kesho. Tunda kali limeshahukumiwa. Mbweha wa Kigiriki alijiachia mlango wa kurudi, hata kama ulikuwa mwembamba. Mbweha wa Kiingereza ameufunga kwa komeo.

Kiswahili hakikufanya hivyo. Sisi husema "sizitaki mbichi hizi", na msemaji kwetu ni sungura, kwa kuwa sungura ndiye mwerevu wetu na mtu mwerevu ndiye anayejua kujidanganya kwa maneno mazuri. Nilivyosimuliwa mimi utotoni, alirukaruka chini ya mgomba hadi akachoka. Matunda hubadilika kufuata nchi: Waswidi na Wanorwe, ambao baridi yao haiwaachii mizabibu, humsimulia mbweha chini ya mti wao wa matunda madogo mekundu ambayo kwa kweli ni makali hata yakiiva, na hivyo humpa mbweha wao udhuru ambao wa kwetu hana. Lakini tazama jinsi msemo wetu ulivyojengwa. Waingereza wamechukua tunda, wakaliacha hilo lisimame peke yake. Mnyama hayumo, kuruka hakumo, sauti haimo. Sisi tumechukua kauli. "Sizitaki": nafsi ya kwanza umoja, kikanushi, kitenzi cha kutaka. Mtu anayeutumia msemo huu hulazimika, apende asipende, kusema kwa kinywa cha sungura na kulitaja lile lile linalokanushwa, yaani kutaka. Ndiyo maana Mswahili anaweza kuutumia kujicheka mwenyewe. Nimemsikia mzee aliyekosa nafasi kwenye basi akisema "sizitaki mbichi hizi" huku akikaa chini ya mwembe kungoja jingine, na watu wakacheka pamoja naye. Kwa Kiingereza sijamsikia mtu hata mmoja akijisemea hivyo. Msemo wao daima ni wa mtu wa tatu. Ni kidole.

Na kidole hicho sasa kinamwelekea nani? Hapa ndipo kamusi zinapotusaidia, kwa sababu zenyewe zimegawanyika. Maana ya zamani, ambayo kamusi kubwa kama ile ya Merriam-Webster bado inaitunza, ni kukidharau kitu ambacho mtu ameshindwa kukipata. Maana ya pili, ambayo utaikuta hasa katika kamusi zilizotungwa kwa ajili ya wanaojifunza lugha, ni lawama zisizo za haki zitolewazo na mtu aliyevunjika moyo kwa kukosa kitu. Kwa haraka utadhani ni maana ile ile. Sivyo. Anayedharau anasema: kitu kile hakifai. Anayelaumu anasema: kitu kile kinafaa sana, nami nilistahili kukipata, ila njia iliyotumika kukigawa haikuwa sawa. Wa kwanza ameacha kutaka, au anajidai ameacha. Wa pili bado anataka kwa moyo wake wote, na anasema hadharani kwamba anataka. Ukiwaweka wawili hawa kwenye kapu moja na kulibandika jina la zabibu, umefanya kama mganga anayempa dawa moja mwenye homa na aliyevunjika mguu, kwa kuwa wote wawili wanalia.

Mfaransa La Fontaine aliliona jambo hili waziwazi zaidi ya miaka mia tatu iliyopita. Katika mkusanyo wake wa mwaka 1668 aliisimulia upya hadithi ya mbweha kwa beti chache, na kwake zabibu zile zilionekana kuwa mbivu kabisa, zenye ngozi nyekundu, na mnyama alikuwa karibu kufa kwa njaa. Mbweha wake anasema kwamba ni mbichi mno, zinawafaa watu duni. Kisha mshairi, badala ya kumcheka, anatuuliza kama hakufanya vyema kuliko kulalamika. Nimelifikiria swali hilo mara nyingi. La Fontaine aliishi katika nchi ya mfalme Louis wa 14, ambako kulalamika kulikuwa na gharama, na huenda alikuwa akitushauri tunyamaze kwa heshima. Huenda pia alikuwa akitukejeli. Kila msomaji na aamue. Lakini jambo moja halina ubishi: kwake, kusema zabibu ni mbichi na kulalamika ni vitu viwili vinavyopingana. Mbweha alichagua kimoja kwa kukiacha kingine. Mwingereza wa leo amevifanya kuwa kitu kimoja, na anamwita mbweha yule anayefanya hasa lile ambalo mbweha alikataa kulifanya.

Haki inanitaka nitaje ushahidi ulio kinyume changu. Mafunzo yaliyoandikwa mwishoni mwa hadithi yenyewe ya Kigiriki yanasema kwamba watu wengine, wakishindwa kwa sababu ya udhaifu wao, husingizia nyakati. Kusingizia ni aina ya kulaumu, na mtu anaweza kusema kwamba mlango wa maana ya pili ulikuwa umefunguliwa tangu zamani. Jibu langu ni kwamba wataalamu wengi huyaona mafunzo hayo kuwa yamebandikwa na wakusanyaji wa baadaye, na mtu akiyasoma pamoja na hadithi ataona mshono. Mbweha hakumsingizia yeyote. Hakusema mkulima amepandisha mzabibu juu mno, wala hakusema kwamba wenzake wameletewa ngazi. Phaedrus, aliyeitunga hadithi hii kwa Kilatini katika karne ya kwanza baada ya Kristo, alipata funzo lililo karibu zaidi na kisa, kwamba hadithi inawahusu wale wanaokishusha kwa maneno kile wasichoweza kukifanya. Kukishusha kitu, si kumshtaki mtu.

Wapo pia wanaodhani msemo umetoka katika Biblia, kwa sababu kwa nabii Yeremia na kwa Ezekieli umo mfano wa baba waliokula zabibu kali na watoto wakatiwa ganzi la meno. Zabibu hizo ni nyingine. Kule zililiwa, na balaa lote la mbweha ni kwamba hakula.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili linaniuma kuliko inavyomstahili mzee aliyestaafu. Miaka mingi iliyopita nilihudhuria mkutano wa walimu ambako yalisomwa majina ya waliochaguliwa kwenda masomo ya juu. Mwalimu mmoja, mtu mpole, akasimama. Hakupaza sauti. Alikuwa na waraka mkononi, akasema kwamba masharti yaliyotangazwa yalidai miaka kadhaa ya utumishi, na kwamba wawili kati ya waliosomwa hawakuwa wameifikisha, ilhali yeye na wenzake wengine walikuwa wameipita. Akaomba aelezwe ni masharti gani mengine yaliyotumika. Kiongozi aliyekuwa meza kuu hakuushika waraka. Alitabasamu, akasema kwa Kiingereza kwamba hizo ni "sour grapes, mwalimu". Ukumbi ukacheka. Wengine, naamini, walicheka bila kuelewa, kwa kuwa wenzao wanacheka, na kwa kuwa maneno ya Kiingereza kutoka meza kuu huwa yanaonekana yamebeba akili. Mwalimu akakaa. Waraka ule niliusoma mwenyewe baadaye, na masharti yalikuwa kama alivyoyasema.

Hebu tuupime msemo ule kwa kisa kile. Je, mwalimu alisema masomo ya juu hayana maana? Hakusema. Aliomba tena mwaka uliofuata, na mwaka uliofuata huo pia. Kama kulikuwa na kitu chochote alichokionyesha mbele ya watu mia mbili, ni kwamba anazitaka zabibu, anajua ni mbivu, na amehesabu urefu wa ngazi. Kiongozi hakumjibu hoja. Alijibu moyo wake. Alisema, kwa maneno mengine: wewe umekosa, kwa hiyo una uchungu, kwa hiyo usemalo si kweli. Mwenye kujua kidogo elimu ya hoja ataona kwamba hatua ya mwisho haitokani na zile mbili za kwanza. Mtu anaweza kuwa na uchungu na akawa anasema kweli. Tena nathubutu kusema kwamba ni nadra mtu asiye na uchungu kujisumbua kuusoma waraka hadi kifungu cha mwisho. Aliyepata haukagui mgao.

Mahakama zinalielewa jambo hili kuliko vikao. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya, kwa majaji 4 dhidi ya 2, ilifuta matokeo ya uchaguzi wa rais uliofanyika tarehe 8 Agosti. Tarehe 3 Februari 2020 majaji wa Malawi walifuta uchaguzi wa rais wa Mei 2019. Katika kesi zote mbili walalamikaji walikuwa watu walioshindwa, wenye kila sababu ya kukasirika, na hapana shaka walikuwa wamekasirika. Majaji hawakuulizwa habari za mioyo yao. Waliulizwa habari za fomu, namna kura zilivyojumlishwa na kupelekwa, na nani alitia sahihi wapi. Sizungumzii hapa ubora wa mwanasiasa yeyote, wala sisemi kila anayeshindwa ameibiwa. Wengi wameshindwa tu, na kelele zao tumezisikia mpaka masikio yamechoka. Nasema kwamba msemo wa zabibu hauwezi kututenganishia hao na wale. Fomu zinaweza.

Mtu ataniambia: basi tumwite nini yule anayepiga kelele bila hoja, ambaye kila akishindwa ni lazima refa awe amehongwa? Lugha zote mbili zina majina yake. Waingereza wanalo jina lao, "sore loser", mtu ambaye kushindwa kunamuuma kama kidonda, na nadhani kufanana kwa sauti kati ya neno la kidonda na neno la ukali kumesaidia kuwachanganya. Sisi tunasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Tunasema pia mfa maji haachi kutapatapa. Hii ya pili naipenda kwa ukweli wake, ingawa husemwa kwa dharau: anayetapatapa kweli anakufa maji, na aliye ukingoni angeweza kumtupia kamba badala ya methali. Hata hivyo, hizi ni methali zinazomhusu mlalamikaji, nazo zinasema wazi kwamba zinamhusu yeye. Sungura amebaki na msemo wake, mfa maji na wa kwake, kila mmoja mahali pake. Naona huo ni utajiri wa lugha yetu, na sipendi ninaposikia, katika mijadala ya redio za siku hizi, mtangazaji akimtupia "sizitaki mbichi hizi" kocha anayelalamikia penalti. Kocha huyo alilitaka kombe hata usingizini. Mtangazaji ameufikiria msemo wa Kiingereza, katika maana yake ya pili, kisha akaufungia kanga ya Kiswahili.

Nimesema kwamba msemo umemkamata asiyehusika. Nina deni la kumwonyesha anayehusika, na hili ndilo gumu zaidi, kwa sababu huyu hapigi kelele.

Mwaka 1983 Mnorwe mmoja, Jon Elster, alichapisha kitabu cha falsafa ambacho jina lake ni msemo huu huu. Ni kitabu kigumu, na sehemu zake nyingine nilizisoma mara tatu. Lakini swali lake la msingi ni jepesi kwa mtu aliyekaa na watoto maskini: ikiwa watu hujifunza kutotaka wasichoweza kukipata, je, tuhesabu kutotaka kwao kama hiari yao? Mhindi Amartya Sen naye ameandika sana juu ya jambo lililo karibu na hilo, hasa kuhusu wanawake wa vijijini ambao wakiulizwa husema wameridhika. Kabla yao, mwaka 1957, Mmarekani Leon Festinger alikuwa ameeleza jinsi nafsi isivyovumilia kushika mambo mawili yanayogongana, la "nakitaka" na la "sikipati", na jinsi inavyolegeza moja ili ipumzike. Kwa kuwa la pili liko nje ya uwezo wetu, hulegezwa la kwanza. Watu hawa wa elimu wamemrudia mbweha halisi, yule wa Kigiriki aliyejiambia mwenyewe njiani, huku mitaani msemo wake ukitumika kwa mambo mengine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa nafundisha darasa la saba. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote, uliotokana na Azimio la Musoma la mwaka 1974, ulikuwa umejaza madarasa ya chini, lakini nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Shule nzima ingeweza kutoa mtoto mmoja, au isitoe hata huyo. Darasani mwangu alikuwamo msichana aliyekuwa akiwapita wote kwa hesabu, na kwa Kiswahili pia. Majina yalipokuja, lake halikuwamo. Nilikwenda nyumbani kwao baada ya siku chache kumpa pole. Nikamkuta anachambua mchele. Akaniambia, bila kuinua macho, kwamba sekondari hakuipenda tangu zamani; wanaokwenda huko hurudi hawajui kulima wala kupika, na mwisho wanakaa tu mjini. Bibi yake aliyekuwa kibarazani akamsifu mbele yangu. Akasema huyu mjukuu wake ana moyo mtulivu, si kama watoto wa siku hizi wenye tamaa. Nikashukuru chai, nikaondoka.

Hakuna mtu pale kijijini aliyemtajia zabibu wala mbweha. Kwa nini wamtajie? Alikuwa hamsumbui yeyote. Hakusimama mkutanoni na waraka. Kwa mizani ya La Fontaine alifanya vyema kuliko kulalamika, na mizani ya bibi yake ilikubaliana na ya La Fontaine. Hapo ndipo msemo wa Kiingereza ungekuwa na kazi ya kufanya, katika maana yake ya kwanza, tena si kwa kumcheka mtoto, bali kwa kutuambia sisi wakubwa kwamba tunachokisikia si utulivu. Mwalimu wa mkutanoni alivunjika moyo akasema. Yule msichana alivunjika moyo akaubadilisha moyo wenyewe, ili usionekane umevunjika. Wa kwanza tulimcheka, wa pili tukamsifu, na katika yote mawili aliyefarijika alikuwa mwenye kugawa nafasi.

Mtu atauliza: nilijuaje kwamba hakuwa akisema kweli? Wapo watoto wasioipenda shule, nao wana haki yao. Swali ni zuri, na sidhani hadithi ya Esopo inaweza kulijibu, kwa kuwa inakwisha mbweha akiwa bado njiani. Ingetubidi tumsimamishe, tukate kichala, tukiweke chini mbele yake, tutazame atafanyaje. Katika maisha nafasi hiyo haipatikani mara nyingi. Kwa huyu ilipatikana. Mwaka wa pili ilifunguliwa shule ya sekondari ya wazazi katika tarafa ya jirani, ya kutwa, ada yake ikiwa ndogo kwa kiasi ambacho ukoo ungeweza kuchanga. Nilimpelekea baba yake habari hiyo jioni moja, nikiwa nimejiandaa kubishana. Sikuhitaji. Msichana alikuwa ameshazisikia habari hizo sokoni, na alikuwa ameshazitoa daftari zake za darasa la saba, ambazo zilikuwa zimefungwa kwa kitambaa na kutundikwa darini ili panya wasizifikie. Daftari zote zilikuwamo, hata ile ya sayansi kimu.

Walimu vijana wanaonitembelea huniuliza, wanaposahihisha mitihani, kama wampe alama mwanafunzi aliyeutumia msemo wa "sour grapes" kwa maana ya malalamiko ya aliyeshindwa. Nawaambia wampe. Lugha ya Waingereza ni yao, na wakiamua kwamba mbweha alilalamika, mtoto wa Kitanzania asinyimwe alama kwa kuwafuata. Lakini ninawaomba wampe pia zoezi la pili, la alama mbili tu: aitunge sentensi hiyo upya akimtaja mbweha ni nani, zabibu ni zipi, na kama bado anazitaka.